Msimamizi wa Mirathi ni Mwenye Amana, si Mwenye Mali

Baada ya kuanua matanga, mlango wa kwanza ambao familia nyingi hubisha ni ule wa Mtendaji wa Kijiji. Hufika na muhtasari wa kikao cha ukoo, picha ndogo za pasipoti na ombi moja: barua ya utambulisho kwenda Mahakama ya Mwanzo, ili ndugu aliyependekezwa ateuliwe kuwa msimamizi wa mirathi. Barua hutolewa, familia hushukuru, na katika ofisi ya kijiji jambo hilo huhesabiwa kuwa limekwisha. Miaka kadhaa baadaye watu wale wale hurudi, safari hii wakiwa makundi mawili yasiyosalimiana, wakigombea shamba lililouzwa au nyumba iliyofungwa kufuli.

Ugomvi wa namna hiyo hauanzi siku shamba linapouzwa. Mara nyingi mbegu yake hupandwa siku barua ya uteuzi inapotolewa mahakamani, kwa sababu ya dhana moja iliyoota mizizi: kwamba aliyekabidhiwa barua amekabidhiwa mali. Sheria haisemi hivyo. Msimamizi hushika mali ya marehemu kwa niaba ya warithi na wadai, mithili ya mtu aliyewekewa amana na jirani aliyesafiri. Anaweza naye kuwa mmoja wa warithi, lakini usimamizi haumwongezei hata senti moja juu ya fungu lake. Makala haya yanaeleza mambo ambayo kwa sasa yanasumbua zaidi katika mashauri ya mirathi, kwa manufaa ya wananchi wote, na hasa watendaji, wajumbe wa mabaraza ya kata na wasaidizi wa kisheria, ambao ndio huulizwa kwanza.

Fomu mbili zinazosahauliwa

Mamlaka ya Mahakama ya Mwanzo kuteua msimamizi yanatoka katika Jedwali la Tano la Sheria ya Mahakama za Mahakimu, Sura ya 11. Hutumika pale sheria inayohusu mirathi hiyo ni ya kimila au ya Kiislamu, na marehemu alikuwa na makazi ya kudumu ndani ya eneo la mahakama hiyo. Jedwali hilo linamtaka msimamizi akusanye mali ya marehemu pamoja na madeni ambayo marehemu alikuwa akiwadai watu, alipe madeni aliyoyaacha na gharama za usimamizi, kisha agawe kilichobaki kwa wanaostahili. Mpangilio huo una maana. Mgao ni hatua ya mwisho, ingawa familia nyingi huanza nao, na mwenye duka la pembejeo aliyemkopesha marehemu mbolea hubaki akipokea ahadi.

Utaratibu wenyewe umo katika Kanuni za Usimamizi wa Mirathi za Mahakama za Mwanzo, Tangazo la Serikali Namba 49 la mwaka 1971. Maombi hufanywa kwa Fomu Namba 1. Mahakama hutoa tangazo ili mwenye pingamizi ajitokeze, na asipojitokeza mtu, au pingamizi likishasikilizwa na kuamuliwa, msimamizi huteuliwa na kupewa Fomu Namba 4. Hii ndiyo karatasi inayofahamika zaidi, kwa kuwa ndiyo inayodaiwa benki, kwenye vyama vya akiba na mikopo na kwenye mifuko ya pensheni.

Kanuni haziishii hapo. Ndani ya miezi minne tangu kuteuliwa, au katika muda zaidi ambao mahakama itaruhusu, msimamizi anapaswa kuwasilisha Fomu Namba 5, yaani orodha kamili na ya kweli ya mali na madeni ya marehemu. Baada ya hapo huwasilisha Fomu Namba 6, yenye hesabu za mirathi, kwa vipindi ambavyo mahakama itapanga. Kwa mirathi zinazofunguliwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mirathi, Sura ya 352, orodha huwasilishwa ndani ya miezi sita na hesabu ndani ya mwaka mmoja. Ni fomu hizi mbili zinazosahauliwa. Wapo wasiozijua kabisa, na wapo wanaozijua vizuri mno.

Ichukuliwe familia moja ya mfano. Baba amefariki bila wosia. Ameacha mjane, watoto watano, nyumba ya matofali, ekari tatu za shamba, ng'ombe sita na akiba kidogo katika SACCOS. Kikao cha ukoo kinampendekeza mtoto wa kwanza, kwa kuwa ndiye mwenye kazi mjini na anazifahamu ofisi. Anapata Fomu Namba 4, anatoa akiba, analipia mazishi na ada ya shule ya mdogo wake. Hadi hapo hakuna anayenung'unika. Hakuna pia anayeandika lolote. Mwaka wa pili anauza ng'ombe wawili. Mwaka wa tatu anauza ekari moja kwa mtu wa kijiji jirani, na Fomu Namba 4 ndiyo iliyoambatishwa kwenye mkataba wa mauziano. Mnunuzi anapanda miti. Mwaka wa sita binti wa mwisho anarudi akiwa mtu mzima, anauliza fungu lake liko wapi, na kaka yake anamjibu kwamba fungu hilo alilila darasani.

Huenda kaka ni mkweli. Huenda kila shilingi ilikwenda kwa wadogo zake. Lakini bila orodha na bila hesabu hana pa kuuonyesha ukweli huo, na dada naye hana pa kuupimia. Mwenye amana asiyeandika hujinyima utetezi wake mwenyewe. Sheria inamtaka msimamizi aliyetumia mali kinyume, au aliyeisababishia hasara kwa uzembe, kufidia kutoka mfukoni mwake, na asiye na hesabu atapata shida kujitenga na tuhuma hiyo.

Je, anahitaji ruhusa ya ndugu ili auze?

Swali hili huulizwa sana, na jibu lake huwashangaza wengi. Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilikwisha kueleza, katika uamuzi ulioripotiwa mwaka 1994, kwamba sheria haimlazimishi msimamizi kupata ridhaa ya warithi wote kabla ya kuuza mali ya mirathi. Mauzo hayabatiliki kwa sababu tu ndugu mmoja hakutia saini. Ndiyo maana uchaguzi wa msimamizi si jambo la kumpa heshima mkubwa wa familia. Ni uamuzi wa kumpa mtu uwezo mkubwa, na kinga ya warithi dhidi ya uwezo huo ni hesabu zinazopelekwa mahakamani.

Hata hivyo, busara ya kazi inataka zaidi ya kiwango cha chini cha sheria. Msimamizi anayewaita warithi, akaandika makubaliano yao na kuyaambatisha kwenye Fomu Namba 5 au 6, hujiepusha na miaka mingi ya kesi. Mnunuzi naye afanye uchunguzi wake. Asiridhike na nakala ya Fomu Namba 4. Aende kwenye mahakama iliyoitoa, aulize kama usimamizi huo bado uko hai, kama orodha imewasilishwa na kama shamba analouziwa limo ndani yake. Nauli ya siku moja hadi mahakamani ni nafuu kuliko kung'oa miti iliyokwisha kukomaa.

Mirathi iliyofungwa na mirathi iliyolala

Mrithi asiyeridhika anaweza kuomba uteuzi utenguliwe. Kanuni za mwaka 1971 zinampa haki hiyo mrithi, mnufaika au mdai wa marehemu, kwa sababu zilizotajwa: kwamba uteuzi ulipatikana kwa hila, kwamba mahakama haikuelezwa mambo ya msingi, kwamba uteuzi umekosa maana kutokana na hali iliyojitokeza, au kwamba msimamizi amekiuka masharti yake kwa makusudi au kwa uzembe. Mahakama inaweza pia kumteua ofisa wake, au mtu mwingine mwaminifu asiyeegemea upande wowote, pale ambapo familia imeshindwa kabisa kupatana.

Ugumu huja pale mlalamikaji anapochelewa. Katika Rufaa ya Madai Namba 71 ya mwaka 2012, Mahakama ya Rufani ilieleza kwamba msimamizi aliyekwisha kuwasilisha orodha na hesabu amemaliza kazi yake, na hapo hakuna tena uteuzi wa kutengua. Msimamo huo umeongoza mashauri mengi tangu wakati huo. Maana yake kwa mwananchi ni kwamba Fomu Namba 6 ni ufunguo wenye meno pande mbili. Kwa msimamizi mwaminifu, hufunga jalada na kumpa amani. Kwa mrithi aliyefichwa, hufunga mlango uliokuwa mwepesi kuingia, akabaki na njia ndefu zaidi, kama kufungua shauri la madai dhidi ya aliyekuwa msimamizi. Mrithi hana budi kufuatilia jalada likiwa bado wazi, na kuomba mahakama imwonyeshe kilichowasilishwa kabla hesabu hazijapokelewa.

Kinyume chake, mirathi ambayo hesabu zake hazijawasilishwa haijafungwa, hata ikipita miaka 10. Imelala tu. Msimamizi bado anawajibika, na mahakama iliyomteua bado inaweza kumwita aje aeleze. Hapo ndipo binti wa mfano ule anapoweza kuanzia: hana haja ya kufungua kesi ya ardhi wala kuajiri kundi la vijana wa kung'oa miti. Anaandika barua kwa hakimu wa mahakama iliyotoa Fomu Namba 4, akitaja namba ya shauri, na kuomba msimamizi aitwe kuwasilisha orodha na hesabu.

Baraza la Kata au Mahakama ya Mwanzo?

Kosa la mlango hugharimu pengine kuliko kosa lingine lolote. Ndugu wakigombea shamba la marehemu, wengi huliita shauri hilo la ardhi na kulipeleka kwenye Baraza la Kata. Mambo mawili yanapaswa kueleweka hapa.

La kwanza ni kwamba mabaraza ya kata hayaamui tena migogoro ya ardhi. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yaliyaondolea mamlaka hayo, yakayabakizia kazi ya usuluhishi. Baraza lisipofanikiwa kusuluhisha ndani ya siku 30, mlalamikaji anaweza kuendelea kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Baraza la Kata linaloandika kwamba shamba ni mali ya fulani, au linalomtoza mtu faini kwa kulima shamba la marehemu, linafanya kazi ambayo halikupewa. Usuluhishi wenyewe si kazi ndogo. Wajumbe wanaozifahamu familia na mipaka ya mashamba wanaweza kumaliza katika kikao kimoja jambo ambalo lingezunguka mahakamani kwa miaka, mradi watoke hapo na makubaliano ya wahusika wenyewe yaliyoandikwa na kutiwa saini.

La pili ni kwamba swali la nani anastahili nini katika mali ya marehemu ni la mahakama ya mirathi. Mahakama ya Rufani imeeleza, katika uamuzi unaonukuliwa mara kwa mara, kwamba ni mahakama ya mirathi pekee inayoweza kueleza jinsi mali ya marehemu ilivyohamia kwa mrithi au kwa mnunuzi halali. Zipo hukumu za ardhi zilizofutwa baada ya miaka mingi kwa sababu hiyo. Gharama ya wino, nauli na mawakili huwa imekwisha kulipwa, na wahusika huambiwa waanze upya penginepo.

Kuna pia suala la nani ana haki ya kushitaki. Mtoto wa marehemu, hata awe wa pekee, hawezi kudai mali ya marehemu mahakamani kwa jina lake tu. Anayeshitaki au kushitakiwa kwa niaba ya marehemu ni msimamizi aliyeteuliwa, na katika miaka ya karibuni mahakama zimekuwa kali kwamba hadhi hiyo ionekane waziwazi kwenye jina la shauri. Vilevile usimamizi haurithiwi. Msimamizi akifariki kabla ya kumaliza kazi, mwanawe hachukui nafasi hiyo kwa kukuta Fomu Namba 4 kabatini. Familia hurudi mahakamani, na mwingine huteuliwa.

Mila, dini na haki ya mwanamke

Mwananchi anapofariki, ni sheria ipi itatumika kugawa mali yake? Mahakama hutazama jinsi marehemu alivyoishi na dhamira aliyoionyesha uhai wake. Kwa Mwislamu aliyeishi kwa kufuata dini yake, jibu huwa jepesi. Kwa Mkristo aliyefunga ndoa kanisani, akajenga mjini na kuacha kufuata desturi za ukoo, sheria ya kimila huenda isimhusu, na Mahakama ya Mwanzo huenda isiwe na mamlaka. Mwenye pingamizi la namna hiyo alitoe mapema, kwa kuwa suala la mamlaka linaweza kuibuliwa hata katika rufaa na kuangusha kila kilichofanyika.

Pale mila inapotumika, bado zinatajwa kanuni za urithi zilizotangazwa kwa Tangazo la Serikali Namba 436 la mwaka 1963, ambazo zinamweka mtoto wa kike katika daraja la mwisho na kumzuia mjane kurithi mali ya mumewe iwapo mume ameacha ndugu wa ukoo wake. Kanuni hizo hazijafutwa katika vitabu, jambo ambalo limekosolewa ndani na nje ya nchi, ikiwemo na Kamati ya Umoja wa Mataifa ya kutokomeza ubaguzi dhidi ya wanawake mwaka 2015. Hata hivyo hazisimami peke yake. Mwaka 1990 Mahakama Kuu ya Mwanza, chini ya Jaji Mwalusanya, iliamua kwamba mwanamke anaweza kuuza ardhi ya ukoo aliyoirithi kama mwanamume anavyoweza. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke, mtoto au mtu mwenye ulemavu haki ya kumiliki, kukalia au kutumia ardhi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumnyima mtoto manufaa ya mali ya mzazi wake. Mtendaji anayemwambia mjane kwamba "mila hairuhusu" anatoa nusu ya sheria, tena nusu iliyochakaa.

Jambo moja ambalo wajane wengi hawalidai, kwa kutolijua, linahusu mali iliyosajiliwa kwa majina ya mume na mke. Sheria ya Ndoa inachukulia kwamba hisa zao ni sawa, isipokuwa ikithibitishwa vinginevyo. Sehemu ya mke katika nyumba ya namna hiyo si mirathi na haipaswi kuingizwa kwenye mgao. Ni yake. Hatimiliki za kimila zenye majina ya wanandoa wote wawili, ambazo hutolewa na Halmashauri za Vijiji, zina manufaa hayo ambayo huonekana tu siku mmoja wao asipokuwepo.

Yanayobadilika

Baadhi ya mabadiliko yanarahisisha mambo. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria na ya utoaji haki mahakamani, hivyo mrithi anaweza kusoma mwenyewe uamuzi unaomhusu. Huko Temeke, Dar es Salaam, kilianzishwa kituo jumuishi kinachoshughulikia mashauri ya mirathi, ndoa na familia mahali pamoja. Muhtasari wa kikao cha ukoo, ambao wengi huuona kama msahafu, Mahakama Kuu imekwisha kusema zaidi ya mara moja kwamba si sharti la sheria. Unasaidia kuonyesha warithi ni akina nani na wanamtaka nani, lakini ukoo uliogoma kukaa kikao hauwezi kumzuia mjane kufungua mirathi.

Familia isiyo na mtu inayemwamini inaweza pia kuelekea kwa Kabidhi Wasii Mkuu, kupitia Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA). Wakala huo husimamia mirathi, hutunza wosia, na hushughulikia maslahi ya watoto ambao bado hawajafikia umri wa kupokea mafungu yao. Cheti cha kifo nacho hutolewa na RITA, na kifo kinatakiwa kusajiliwa ndani ya siku 30.

Asiyeridhika na uamuzi wa Mahakama ya Mwanzo anaweza kukata rufaa Mahakama ya Wilaya ndani ya siku 30. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili anaweza kuomba huduma chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, ambayo imeweka wasajili wasaidizi wa watoa huduma hiyo katika ngazi ya wilaya. Huduma hiyo ni ya bure, na msaidizi wa kisheria anayedai malipo aripotiwe kwa msajili msaidizi. Anayekwenda kuomba msaada abebe nakala ya cheti cha kifo, namba ya shauri la mirathi kama lilikwisha kufunguliwa, na nakala ya Fomu Namba 4. Kama nakala hiyo iko mikononi mwa msimamizi asiyetaka kuitoa, jina la marehemu, jina la mahakama na mwaka wa uteuzi vitatosha kwa karani kulitafuta jalada.